Kuchagua Spika za Mashine ya Santuri Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Nairobi

Ukiingia duka la spika Luthuli Avenue, swali la kwanza utakaloulizwa ni la wati. Unataka ngapi? Mia tano? Elfu moja? Kwa mwenye mashine ya santuri, swali hilo linapaswa kuja mwisho. Kwanza kuna kinachotoka kwenye mashine yenyewe, kisha chumba, kisha muziki ulio kwenye santuri zako. Ukishayajua hayo matatu, wati ni hesabu fupi, na mara nyingi utaona kwamba unahitaji chache kuliko ulizokuwa ukishawishiwa kununua.

Nayaandika haya kwa urefu kwa sababu Nairobi ni mji wa santuri. Miaka ya 1970 wanamuziki walitoka Nyanza, Tanzania na Kongo kuja kurekodi hapa, na santuri ndogo za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika) zikauzwa kwa wingi River Road na mitaa inayoizunguka. Nyingi bado zipo: Kenyatta Market kuna vibanda vya santuri, na katika nyumba nyingi kuna katoni chini ya kitanda ambayo baba au babu hakukubali itupwe. Muziki huo ulirekodiwa kwa uangalifu. Unastahili spika zitakazoutoa jinsi ulivyo.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inatoa nini

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo tuende polepole.

Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri hutikisika, na katriji, kile kifaa kidogo kinachoshika sindano, hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Umeme wenyewe ni mdogo mno. Katriji ya aina iliyoenea zaidi, ile inayoandikwa MM, hutoa kama milivolti 3 hadi 5. Simu, redio au dikoda ya televisheni hutoa milivolti mia kadhaa, wakati mwingine hadi volti 2. Kwa hiyo sauti ya santuri lazima ikuzwe karibu mara mia kabla amplifaya ya kawaida haijaweza kuitumia.

Kuna jambo la pili. Santuri inapokatwa kiwandani, besi hupunguzwa ili mfereji usitanuke kupita kiasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zifunike mchakacho wa plastiki. Kiwango kinachofuatwa ni cha RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki cha Marekani, cha mwaka 1954. Wakati wa kucheza, lazima kitu fulani kirudishe besi na kupunguza hizo sauti nyembamba. Kinachofanya kazi zote mbili, ya kukuza na ya kurekebisha, ni saketi ya fono.

Angalia nyuma ya mashine yako. Ukiona swichi ndogo yenye maneno PHONO na LINE, saketi hiyo imo ndani. Audio-Technica AT-LP60X, ambayo wanaoanza wengi huinunua, ni ya namna hii: weka swichi kwenye LINE, na unaweza kuchomeka spika zozote zenye amplifaya ndani. Mashine kama Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972, haina saketi hiyo. Itakubidi utumie amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO, pamoja na skrubu ya GND (ya waya wa ardhi) pembeni, au ununue kisanduku cha fono cha kujitegemea.

Ukisahau saketi ya fono, muziki utatoka kwa mbali, mwembamba, usio na besi, hata ukiongeza sauti hadi mwisho. Ukiziweka mbili kwa pamoja, yaani swichi iko LINE na umechomeka kwenye tundu la PHONO, utapata sauti nzito iliyokwaruzika. Dalili hizi mbili zimewafanya watu warudishe spika nzima dukani. Kumbuka: saketi ya fono ni moja tu kati ya sindano na spika, haipungui wala haizidi.

Mashine za sanduku, zile zinazofungwa kama mkoba na kuwa na vispika vyake ndani, nyingi hutumia katriji ya seramiki na zina matundu mekundu na meupe nyuma. Zinaweza kuunganishwa moja kwa moja na spika nzuri zenye amplifaya ndani, na tofauti utaisikia papo hapo. Ila sindano zake huwa nzito juu ya santuri. Santuri unayoithamini usiichezeshe humo kila siku.

Hatua ya 2: Amplifaya ndani au amplifaya kando

Spika ni za aina mbili. Zipo zenye amplifaya ndani, ambazo unazichomeka kwenye soketi ya stima na kuunganisha mashine ya santuri moja kwa moja. Zipo pia za kawaida, zisizochomekwa kwenye stima, ambazo zinahitaji amplifaya ya kando.

Kwa anayeishi bedsita au chumba na sebule, na hana amplifaya tayari, ningechagua zenye amplifaya ndani bila kusita. Nyaya ni chache, nafasi haimalizwi, na mtengenezaji ameshalinganisha amplifaya na spika zake. Edifier R1280T ni mfano mzuri wa kuanzia: koni (kile kikombe kinachotikisika kutoa sauti) ya inchi 4, jumla ya wati 42 za kweli kwa pande zote mbili, na matundu mawili ya kuingizia sauti. Kumbuka tu kwamba haina saketi ya fono ndani.

Aliyerithi amplifaya ya zamani ya Pioneer, Sansui, Marantz au Kenwood yuko katika hali tofauti. Amplifaya hizo nyingi zina tundu la PHONO zuri sana. Apeleke kwa fundi isafishwe vitufe na kukaguliwa kapasita, kisha atafute spika za kawaida. Njia hii ina faida nyingine: unaweza kubadilisha spika baadaye bila kubadilisha kila kitu.

Je, ule mfumo wa sabufa na vispika vidogo unaouzwa kila kona ya mji? Unafaa kwa filamu na kwa sherehe. Kwa santuri siupendekezi, na sababu yake ni ya kiufundi. Sabufa hushughulikia besi, vispika vidogo hushughulikia sauti nyembamba, na katikati hubaki pengo. Kwenye pengo hilo ndipo ilipo sauti ya mwimbaji na gitaa la ridhimu.

Hatua ya 3: Pima chumba

Chukua futi kamba upime urefu na upana. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinatosheka na koni ya inchi 4. Sebule ya mita 4 kwa 5 inahitaji inchi 5 hadi 6.5. Spika ndefu za kusimama sakafuni zinataka sebule kubwa kuliko zilivyo nyingi za ghorofa za Nairobi. Ukiziweka kwenye chumba kidogo, besi hujaa pembeni na kuvuma mpaka maneno ya wimbo yanapotea.

Kisha angalia kuta na sakafu. Nyumba zetu nyingi ni za mawe ya Ndarugo au za zege, zimepigwa plasta, chini kuna tailsi, juu kuna slabu. Vyote hivyo hurudisha sauti. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaobaki hewani, twita kali (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) itakuumiza masikio kwenye chumba hicho, na spika iliyokuvutia dukani kwa ukali wake itakuchosha baada ya santuri mbili. Zulia kati yako na spika, pazia zito dirishani na kochi la kitambaa husaidia kuliko kuongeza pesa kwenye spika. Anza na hivyo.

Hatua ya 4: Wati, desibeli na omu

Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni mara nyingi ni za PMPO, namba isiyo na kipimo kinachokubalika popote. Tafuta RMS, yaani wati za kweli zinazoweza kutoka mfululizo. Kama haijaandikwa kwenye katoni, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha wati kinazovuta kutoka kwenye stima. Amplifaya inayovuta wati 60 haiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo kwenye spika.

Namba muhimu kuliko wati ni wepesi wa spika, ambao huandikwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya 84 na 90. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu nguvu inayohitajika. Kwa hiyo spika ya 90 inahitaji robo ya wati zinazohitajika na spika ya 84 kutoa sauti ileile. Kwenye sebule ya kawaida, wati 1 ya kweli kwa kila spika ya desibeli 87 inakupa sauti ya juu kuliko mazungumzo ya watu. Wati 20 hadi 30 za kweli kwa kila upande zinatosha kabisa, na akiba ya mipigo mikubwa ya ngoma imo humo.

Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika, ni suala la usalama wa amplifaya. Soma nyuma yake: ikisema omu 8, usiiunganishie spika za omu 4, kwani itapata moto na inaweza kuungua. Amplifaya inayoruhusu omu 4 hadi 8 haina tatizo na spika yoyote iliyo kati ya hizo.

Hatua ya 5: Muziki wako ni upi?

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu spika umeandikwa kwa ajili ya muziki wa disko na roki. Benga ni kitu kingine. Gitaa la solo linapanda juu na kukimbia, ridhimu inajibu, na besi inasukuma kwa nguvu kana kwamba nayo inaimba. Waya mnene zaidi wa gitaa la besi uko kwenye hezi (mitikisiko kwa sekunde) 41, wa gitaa la kawaida kwenye 82, na uwazi wa maneno ya mwimbaji uko kati ya hezi 1,000 na 4,000. Spika ya inchi 5 huanza kuishiwa nguvu karibu na hezi 55 au 60. Unapoteza kidogo tu chini, na sikio hulijaza pengo hilo kwa sauti za juu za noti ileile. Lakini spika ikiwa dhaifu katikati, hakuna kinachofidia: magitaa yanakuwa rundo moja. Vivyo hivyo kwa rumba, na kwa taarab yenye fidla, kanuni na udi. Ukilazimika kuchagua kati ya besi nzito na katikati safi, chagua katikati.

Santuri nyingi za zamani za 45 ni za mono, yaani spika zote mbili hutoa sauti ileile. Usione kuwa hiyo ni hasara. Utaona faida yake utakapofika dukani.

Hatua ya 6: Kununua

Spika mpya zina dhamana, na usumbufu ni mdogo. Hakikisha risiti inaonyesha namba ya modeli na muda wa dhamana, na uliza ni nani hasa atakayetengeneza zikiharibika.

Lakini kwa pesa ileile, mtumba unaweza kukupa spika za kiwango cha juu zaidi, hasa zile za ex-UK. Uingereza wanatumia umeme unaolingana na wetu na plagi zilezile za pini tatu, kwa hiyo hata amplifaya inayotoka huko huchomekwa tu. Vitu vya Japani ni volti 100, na vya Marekani ni volti 120. Kenya ni volti 240, hezi 50. Ukichomeka amplifaya ya volti 100 moja kwa moja, umeiunguza. Lazima pawe na transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya amplifaya. Spika za kawaida zisizo na amplifaya ndani hazina shida hii, zitoke nchi yoyote.

Kagua spika ya mtumba kwa mpangilio huu, wala usione haya kumwambia muuzaji, "Boss, nifungulie hicho kitambaa cha mbele nione koni."

Anza na ukingo unaozunguka koni. Wa mpira hudumu. Wa sponji huoza baada ya miaka, hata spika ikiwa imekaa kabatini. Uguse kwa kidole: ukibomoka au kuacha vumbi linalonata, utahitaji ukingo mpya. Hilo linatengenezeka, na mafundi wa spika mjini huifanya kazi hiyo, ila bei ishuke kwanza.

Weka vidole vinne kuizunguka koni na uisukume ndani polepole, sawasawa pande zote. Iende na kurudi kimya. Ukisikia au kuhisi mkwaruzo, koili ndani inagusa sumaku. Spika hiyo iache.

Chomoa nyaya zote, kisha pima kwa multimita. Spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7; ya omu 4 husoma kama 3 hadi 4. Ikionyesha waya umekatika, au sifuri, kuna kilichoungua. Muhimu zaidi, mbili za jozi zisome karibu sawa. Multimita haitakuambia lolote kuhusu twita, kwa kuwa kapasita iliyo njiani huzuia kipimo. Twita husikilizwa: weka sikio karibu nayo muziki ukicheza, upande mmoja kisha wa pili. Twita zilizokufa ni nyingi mno kwenye mitumba, kwa sababu hizo ndizo huungua kwanza mtu akilazimisha amplifaya ndogo ipige kelele.

Mwisho, linganisha namba za nyuma. Jozi inayofanana kwa nje inaweza kuwa ya modeli mbili tofauti.

Hatua ya 7: Sikiliza kwa santuri yako mwenyewe

Nenda na santuri mbili: moja unayoijua kila pumzi ya mwimbaji, na moja ya mono. Duka lisilo na mashine ya santuri lichezeshe wimbo huohuo kutoka kwenye simu, kwa waya.

Kaa mbele ya spika mbili, umbali sawa kutoka kila moja, kisha cheza ile ya mono. Sauti ya mwimbaji inapaswa kusimama katikati kabisa, mahali pasipo na spika. Ikivutwa upande mmoja, spika hazilingani nguvu. Ikitawanyika, isiwe na mahali, na besi ikiwa imekonda, waya mmoja umegeuzwa, nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Mwambie augeuze usikilize tena. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko karatasi yoyote ya viwango, nacho hakigharimu kitu.

Usikubali muuzaji akuwekee sauti ya juu sana. Karibu kila spika hupendeza ikipigwa kwa nguvu kwa dakika mbili. Ishushe mpaka mweze kuongea juu yake bila kupaza sauti, ndivyo utakavyosikiliza nyumbani. Je, besi bado inasikika? Unaweza kufuata ridhimu peke yake nyuma ya solo?

Hatua ya 8: Kufunga nyumbani

Mashine ya santuri na spika visikae juu ya meza moja. Sindano husoma mtikisiko wowote, wa mfereji na wa meza pia. Besi ikitikisa meza, sindano huisoma na kuituma tena kwenye spika, na ukiongeza sauti unapata mvumo unaokua wenyewe. Weka mashine kwenye kabati zito au rafu iliyopigiliwa ukutani, na spika kwenye stendi. Fundi chuma wa jua kali atakutengenezea stendi za chuma ukimpa kipimo: twita ifike usawa wa masikio yako ukiwa umekaa.

Spika mbili na kiti chako viwe pembetatu yenye pande zinazokaribia kulingana. Kama kuna tundu la besi nyuma ya spika, acha sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani. Kona za chumba ziepuke.

Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba kutoka duka la hardware unatosha kwa umbali wa mita 5. Usinunue waya wa bei ya dhahabu. Bluetooth, kama mashine yako inayo, tumia ukiwa jikoni. Kwa kusikiliza hasa, unganisha waya.

Kukiwa na mngurumo wa stima hata santuri isipocheza, funga waya mwembamba wa mashine kwenye skrubu ya GND, kisha chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Ekstensheni hiyo ipitie kwenye kilinda umeme kama kile cha televisheni, kwa sababu stima ikirudi baada ya kupotea huja na kishindo, na amplifaya haikivumilii.

Ukiona koni za besi zinapumua kwa nguvu, mbele na nyuma, huku husikii kitu, santuri imepinda. Zile zilizokaa kwenye jua la dirisha hufanya hivyo. Punguza sauti, na kama amplifaya ina kitufe cha kuzuia sauti za chini sana, kibonyeze.

Kwa majirani wa ghorofani: besi hupita kwenye slabu kuliko hewani. Kipande cha mpira mnene chini ya kila mguu wa stendi husaidia kupunguza malalamiko.

Baada ya wiki chache, kama herufi "s" za mwimbaji zinachoma masikio, hasa karibu na katikati ya santuri, usikimbilie kulaumu twita. Sindano za kawaida hudumu kama saa 300 hadi 500, na mashine ya mtumba huja na sindano ambayo hakuna ajuaye imecheza saa ngapi. Badilisha sindano kwanza, cheza santuri ileile, ndipo uamue kama spika zirudi dukani.